Nilivyotenganisha madhara ya amoniamu na madhara ya asidi kwenye miche

Jaribio lenyewe lilionekana jepesi: kuotesha miche ya kawaida ya Arabidopsis (mmea mdogo unaotumiwa sana maabarani) kando ya ile isiyo na jeni ya CIPK23, juu ya agari, yaani jeli ya kuoteshea, ambayo chanzo chake pekee cha naitrojeni ni amoniamu, kisha kuangalia ni ipi inayodumaa zaidi. Kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo hubandika fosfeti kwenye protini za AMT1, ambazo ndizo milango ya kuingizia amoniamu mzizini. Milango hiyo huungana mitatu mitatu, na fosfeti ikibandikwa kwenye mkia wa mmoja wao (kwa AMT1;1, mmoja wa milango hiyo, ni kwenye asidi amino ya 460, treonini), yote mitatu hujifunga. Mmea uliokosa CIPK23 huchelewa kuifunga, kwa hiyo nilitarajia uzidiwe mapema.

Miche yote ilidumaa. Siku ya saba mizizi ya aina zote mbili ilikuwa mifupi na yenye ncha za kahawia, hata sikuweza kutofautisha sahani bila kusoma maandishi niliyoyaandika chini yake. Nilipunguza amoniamu kutoka milimola 5 hadi 2, nikabadilisha mbegu, nikaishuku taa. Hali ilikuwa ile ile.

Kilichonifumbua macho ni rangi. Nilichanganya bromokresoli ya zambarau, kiashirio kinachobadilika rangi kulingana na asidi, kwenye agari, nikaweka pH 6.5, nikahamishia humo miche michache. Baada ya siku mbili kila mzizi ulikuwa umezungukwa na ukanda wa manjano uliofuata umbo lake hadi nchani, ilhali kwenye sahani za kulinganishia, ambazo naitrojeni yake ni nitrati badala ya amoniamu, zambarau ilibaki palepale. Kiashirio hicho huwa manjano kabisa pH inaposhuka chini ya 5.2, yaani asidi inapozidi. Mzizi unapofyonza amoniamu, yenye chaji chanya, hutoa ioni za hidrojeni ili kusawazisha chaji. Nami kwa majuma kadhaa nilikuwa nikiipima asidi na kuiita amoniamu. Nilitia bafa ya MES, kemikali inayozuia pH isibadilike ovyo, nikaanzia pH 5.7, na mizizi ikarefuka waziwazi, ingawa haikuifikia ile ya nitrati.

Kosa la pili lilikuwa la aibu zaidi, maana lilikuwa kwenye daftari langu mwenyewe. Nilipoondoa potasiamu nitrati na kuweka amoniamu kloridi, niliondoa pia sehemu kubwa ya potasiamu. Amoniamu na potasiamu zina ioni zinazokaribiana kwa ukubwa, na amoniamu ikizidi hukwamisha ufyonzaji wa potasiamu. Isitoshe, CIPK23 huiamsha pia AKT1, mfereji wa kupitishia potasiamu, kwa hiyo mche usio na jeni hiyo ungeteseka kwa njaa ya potasiamu hata pasipo amoniamu. Nilifidia kwa potasiamu kloridi, nikaongeza kloridi kwenye sahani za nitrati ili zilingane. Hapo ndipo tofauti ilipojitokeza: kwenye nitrati aina zote mbili zilikwenda sambamba, lakini kwenye amoniamu miche isiyo na CIPK23 ilibaki nyuma, na hiyo ndiyo picha niliyokuwa nikiitafuta tangu mwanzo.

Jambo moja bafa haikuliponya. Majani ya miche ya amoniamu, hata ile ya kawaida, yaliendelea kuwa madogo. Nilidhani bafa haitoshi, nikaiongeza bila faida, kabla ya kukumbuka kwamba asidi huzalishwa pia ndani ya mmea wenyewe. Katika kloroplasti, kimeng'enya cha GS2 huunganisha amoniamu na glutameti kutengeneza glutamini, na kazi hiyo huacha ioni za hidrojeni. Miche ambayo GS2 yake imepunguzwa huvumilia amoniamu vizuri zaidi, jambo lililonishangaza, kwa kuwa nilifundishwa kukitazama kimeng'enya hicho kama mwondoa sumu tu. Bafa iliyo kwenye agari haina njia ya kufika huko.

Kwa majani hayo nilijaribu kuongeza nitrati kidogo juu ya amoniamu ile ile. Yalitanuka, na siku hizi kila seti yangu ina sahani moja ya namna hiyo, pamoja na pH ya mwanzo na ya mwisho iliyoandikwa kwenye kifuniko.