Kahawa ya Ami na mti wa Materuni

Hiace ya kwenda Uru ilijaa, ikazidi kujaa, ndipo ikaondoka. Tulikuwa sita, wote wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi: wawili wa Kampala, mmoja Mrundi, mmoja wa Lilongwe ambaye Kiswahili chake kina umri wa miezi minane tu, mimi wa Mombasa, na mwenyeji wetu, binti wa Kichaga aliyetukaribisha kwao Materuni, kijiji cha Uru kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Ilikuwa Jumamosi ya Julai. Vipindi vimekwisha, mitihani bado. Nilivaa sweta mbili chini ya buibui na bado meno yaligongana. Baridi ya Moshi mwezi wa saba si ya mtu wa pwani.

Barabara inapanda tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mzee aliyeingia garini tulimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza sisi ni wa nani. Mama mmoja alinipakatisha mtoto wake bila kuniomba, kama vile ananijua, akaja kumchukua aliposhuka. Kwetu pia hufanywa hivyo, na nilifurahi sana kukikuta kitu hicho huku milimani.

Tuliposhuka nilidhani tumeingia msituni. Kumbe tumo uani kwa watu. Kihamba cha Kichaga ndivyo kilivyo: miti mirefu ya kivuli juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, halafu magimbi na maharage. Mpakani pamepandwa isale, mmea ambao jani lake Mchaga akikuletea kuomba msamaha, ni vigumu kumkatalia. Pembeni mwa njia ulipita mfongo, mfereji mwembamba wa maji yaliyokingwa mtoni kule juu. Wenyeji wamechimba mifongo kama hiyo tangu zamani, koo zikigawana zamu za kumwagilia. Mrundi wetu, ambaye hupenda hesabu, alisimama pale muda mrefu akitazama namna maji yalivyopindishwa kuufuata ubavu wa mlima bila pampu.

Maporomoko ya maji ya Materuni tuliyafikia baada ya mwendo wa kama saa moja, njia ya utelezi. Ni marefu, mita 80 hivi kwa maneno ya wenyeji, na upepo wake unalowesha nguo kabla hujayakaribia. Wa Kampala waliogelea. Mimi nilitia miguu, nikaitoa upesi. Mlima wenyewe haukuonekana siku nzima. Ukungu uliushika toka asubuhi.

Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya kahawa.

Ami yangu huuza kahawa Mji wa Kale, Mombasa, kila jioni. Nimelelewa na mlio wa vikombe vyake vikigonganishwa, na dele lake, birika la shaba lenye makaa chini. Kahawa thungu, tangawizi, tende pembeni, na wazee barazani. Naijua harufu yake kuliko harufu yoyote duniani. Ila sikuwahi kuuona mti wake, na Ami naye hajawahi, kwa miaka yote hiyo. Kwetu kahawa hutoka dukani, tena katika mfuko.

Babu yake mwenyeji wetu alitupokea kwa mikono miwili. "Karibuni wajukuu." Tukafundishwa kusema "aika mbe", yaani asante kwa mzee wa kiume, akacheka kwa jinsi Mmalawi wetu alivyoitamka. Kisha akatupeleka kwenye mbuni wa kwanza.

Ni mti mfupi, majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na matunda yameshikana na tawi lenyewe, mengine kijani, mengine mekundu. Babu alichuma moja jekundu, akalibinya. Zikatoka punje mbili zimelaliana, nyeupe, zenye utelezi. "Weka mdomoni." Nikaweka. Tamu! Tamu kama asali nyepesi, wala haina hata dalili ya kahawa. Nilibaki nimeishikilia punje ulimini, sitaki kuitema.

Mrundi alinishangaa, maana wazazi wake ni wakulima wa kahawa. Wa Kampala wakasema kwao Buganda mgeni hupewa buni atafune, na zamani watu wawili waligawana tunda moja la kahawa kufanya undugu. Nikajiona ni mimi peke yangu niliyekuwa nakunywa kitu nisichokijua.

Tukamenya, tukapelekwa kwenye buni zilizokwisha kuanikwa, tukatwanga kwenye kinu, watu wawili kwa zamu, babu akitupigia makofi ili michi isigongane. Tukapepeta kwa ungo. Mama wa nyumbani akakaanga kwenye sufuria juu ya mafiga, akikoroga bila kupumzika mpaka zikaanza kupasuka, pa, pa, na moshi ukabadilika. Hapo ndipo harufu ya Ami ilipotokea. Nilitoka nje kidogo, macho yananiwasha, na si kwa moshi peke yake.

Darasani tulisoma kwamba wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa. Nilijibu swali hilo kwenye jaribio nikapata alama zote. Babu alisema tu kwamba baba yake alikuwa mwanachama, na kwamba viatu vyake vya kwanza vya shule vilitoka kwenye kahawa hii. Siku hizi majirani wengi wameing'oa, wamepanda parachichi na mboga, kwa sababu bei ilikuwa ikiwavunja moyo. Yeye ameacha mibuni yake. Hakutueleza sababu, nasi hatukumuuliza.

Tulikula kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja. Wawili wakaonja mbege, pombe ya Kichaga, wakaambiwa imetengenezwa kwa ndizi na ulezi, na ule uchungu ni wa gamba la mti wa msesewe. Kahawa ikaja mwisho, katika vikombe vikubwa vyenye mikono, bila tangawizi. Nikanywa viwili.

Usiku, hosteli, nilimpigia Ami. Nilisikia vikombe nyuma ya sauti yake. Nikamtumia picha.

"Huu ndio mti wenyewe?"

"Ndio huu, Ami."

Akanyamaza. Nikasikia akiwaonyesha wazee simu, mmoja baada ya mwingine.

"Kumbe tunda lake ni jekundu," akasema. "Na tamu, waniambia?"

"Tamu."

"Basi mwanangu, Insha'Allah ukija Desemba, niletee hata moja nilitazame."