MyMusic82 na MyMusic83: hesabu za nyimbo zimekubali

Hatimaye. Kodi (programu ya kucheza muziki na video) ya sebuleni ni toleo la 21, ya chumbani imegota la 20. MariaDB, yaani hifadhidata ya maktaba, ni moja kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo), advancedsettings.xml (faili la mipangilio ya Kodi) ni ileile, lakini albamu mpya zikiingia sebuleni, chumbani hazionekani.

Mtandao hauna kosa. Toleo la 20 husoma hifadhidata ya muziki iitwayo MyMusic82. La 21 likiwaka mara ya kwanza hunakili 82 nzima kuwa MyMusic83, kisha hukaa humo. 82 haifutwi wala haiguswi tena. Kuanzia hapo ni maktaba mbili. Kati ya 19 na 20 hili halionekani kwenye muziki kwa sababu zote ni 82, ila video ziliachana palepale (119 na 121). Kuandika jina lako la hifadhidata kwenye <name> hakusaidii, namba inabandikwa mwishoni vilevile. Na umeme ukikatika katikati ya kunakili, futa ile 83 ya nusunusu, washa upya.

Albamu si tatizo, unaskani kila upande. Kilichokula wiki nzima ni iTimesPlayed, yaani idadi ya mara wimbo ulivyochezwa.

Jaribio la kwanza: jumlisha pande zote mbili. Upuuzi. Wimbo uliokuwa na 40 siku ya kuachana sasa una 47 kwenye 83 na 43 kwenye 82. Jumla 90, maana ile 40 imehesabiwa mara mbili. GREATEST (kuchukua namba kubwa zaidi) inatoa 47, zile 3 za chumbani zimepotea. Jibu sahihi ni 50, na haulipati bila nakala ya 82 ya siku ileile ya kupandisha toleo. Nimeipakia kama hifadhidata ya tatu, nikaiita asili (n ni 83, z ni 82, a ni asili):

SET n.iTimesPlayed = COALESCE(n.iTimesPlayed,0) + COALESCE(z.iTimesPlayed,0) - COALESCE(a.iTimesPlayed,0)

Jedwali la asili liunganishwe kwa LEFT JOIN, la sivyo nyimbo zilizoingia baada ya kuachana zinarukwa. Usiunganishe kwa idSong, namba ya wimbo ndani ya hifadhidata. Namba za nyimbo mpya hazilingani. Tumia path.strPath (folda), strFileName (jina la faili) na iTrack (namba ya diski na wimbo). Hiyo iTrack ni ya lazima kwa FLAC (faili za sauti) zenye CUE (orodha ya nyimbo zilizomo), ambapo faili moja lina nyimbo kumi. Usishtuke ukikuta 131075: ni diski ya 2, wimbo wa 3 (2 × 65536 + 3).

Bado kwa albamu mpya amri ilirudisha safu mlalo 0. Sababu: sources.xml (orodha ya folda za muziki) haishirikishwi, kwa hiyo upande mmoja uliskani kwa smb://pi/ na mwingine kwa smb://192.168.1.10/. REPLACE moja (kubadilisha maandishi) kwenye strPath ikamaliza.

Kazi hii yote ni ya terminali. phpMyAdmin (kusimamia hifadhidata kwa kivinjari) kwenye Pi kwa ajili ya amri tatu ni kubeba kabati kwenda kuchukua kijiko. Anza na mariadb-dump (nakala ya akiba), zima Kodi zote, na usiendeshe amri ile mara mbili: kila mara inaongeza tena.

Mpango ulikuwa kuiweka kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) kila usiku, na asili ijisasishe yenyewe. Nimeuacha. Kodi ya sebuleni inaweza kugawa maktaba yake kwa UPnP (njia ya vifaa kushirikishana muziki na video kwenye mtandao wa nyumbani), na ya chumbani inaivinjari bila kujua habari za 82 wala 83. Imewashwa jana, majalada ya albamu yanachelewa kutokea, hilo ndilo linalofuata.