Babuji na Nikodemo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Yohana 19:38-42, mazishi ya Bwana. Nimelisoma mara kadhaa, na kila nikifika kwa Nikodemo, yule mkuu wa Wayahudi, mawazo yananipeleka India, kwa mwanasiasa mmoja aliyeitwa Jagjivan Ram. Watu wake walimwita Babuji.

Alizaliwa Bihar mwaka 1908, katika tabaka la walioitwa wasioguswa. Shuleni kwake watoto wa tabaka hilo walitengewa mtungi wao wa maji, wasije wakawanajisi wengine. Inasimuliwa kwamba aliuvunja. Ukaletwa mwingine, akauvunja nao, mpaka mkuu wa shule akaamua wote wanywe mtungi mmoja.

Mtoto wa namna hiyo ungedhani hatakuja kumwogopa mtu. Akawa waziri tangu 1946, kabla hata ya uhuru, na vita vya 1971 vilivyozaa Bangladesh vilimkuta akiwa waziri wa ulinzi. Lakini Juni 1975 waziri mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari, wapinzani wakatupwa gerezani na magazeti yakazibwa mdomo, ni Babuji huyohuyo aliyesimama bungeni kuwasilisha hoja ya kuiidhinisha. Kisha akabaki kwenye kiti chake zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Januari 1977 uchaguzi ukatangazwa. Tarehe 2 Februari akajiuzulu, akakihama chama tawala cha Congress alichokitumikia tangu ujana, akaunda chama kipya na wenzake na kushikana na wapinzani. Machi, Congress ikaanguka kwa mara ya kwanza tangu uhuru.

Je, alitubu, au alipiga hesabu? Wapo waliomwita msaliti, na wapo waliosema kasi ya mambo ilibadilika siku ile alipotoka. Mimi naona yote mawili yalikuwemo. Alitoka mlango ukiwa umeshafunguliwa, hilo halifichiki. Na baada ya ushindi alinuna waziwazi uwaziri mkuu ulipokwenda kwa Morarji Desai. Ila siku anatoka hakuna aliyejua kura zitaangukia wapi, na waliokuwa gerezani walikuwa wengi. Tusimnyime hilo.

Yohana anawajua watu wa aina hii. Sura ya 12 anasema wakuu wengi walimwamini Yesu ila hawakumkiri, "kwa maana walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu." Maneno makali. Na bado, sura saba mbele, wawili wa watu hao, Yusufu wa Arimathaya na Nikodemo, ndio wanaouzika mwili, wakati mitume wamejificha.

Nami sina la kujivunia. Niliwahi kukaa kwenye kamati moja nikijua kabisa mahesabu hayaendi sawa. Nilikuwa naitwa mheshimiwa mjumbe, chai ipo, posho ipo. Nilijitoa wiki moja baada ya kusikia wakaguzi wanakuja, na watu wakanipongeza kwa uadilifu. Pongezi zile nilizipokea.

Babuji alilipia kwa namna asiyoitarajia. Mwaka 1978, akiwa tena waziri wa ulinzi, alizindua sanamu Varanasi. Alipoondoka, vijana wa matabaka ya juu wakaiosha kwa maji ya mto mtakatifu wa Ganga, eti aliinajisi. Amevuka vyama, amevuka serikali, na mtungi wa shuleni bado unamsubiri.

Kwa hiyo wiki hii nimekuwa nikimtazama Nikodemo alivyokuja. Mara ya kwanza alikwenda usiku, mikono mitupu, na maswali. Mara hii Bwana ameshakufa, hakuna cheo cha kugawiwa, hakuna atakayemshukuru, na Sabato inakaribia kuingia. Amebeba manemane na uudi, yapata ratli mia. Mzigo wa uzito huo haufichiki chini ya joho, na harufu yake inamtangulia njiani.