Kwenye daftari lako, mama

Wiki ilikuwa na mambo yake: mdogo wangu kajifungua salama Jumatano, mtoto wa kiume, kilo 3.4, na jiko la Shangazi hatimaye limeezekwa. Lakini kila nikifumba macho ninachosikia ni sauti ya yule kijana wa Pasua, taratibu, kwa adabu zote:

"Samahani, mama. Nimeisoma kwenye daftari lako."

Ilikuwa Jumamosi, kwenye usaili wa ufadhili wa masomo ya meli, ule wa Injinia, sebuleni kwa Shangazi kama mwaka jana. Mnaofuatilia mnajua utaratibu wetu. Hatumuulizi mtu kwa nini anapenda meli wakati amekulia chini ya mlima. Anawekewa beseni kubwa la kufulia lenye maji, nusu ya dumu la lita 20 lililokatwa kwa urefu, mchanga mkavu, kipande cha chuma cha gramu 100, uzi wenye nati, rula na mzani wa jikoni. Atafute GM, yaani kipimo cha uwezo wa chombo kujirudisha wima kikiinama, basi. Injinia alianza hivyo na wanafunzi wake wa Dar, na sisi hatuna sababu ya kubadilisha.

Kijana alianza vizuri kuliko wote. Alipima chombo na kila kilichomo mpaka kikafika kilo 4. Akasimamisha spoki ya baiskeli, akaning'iniza timazi la sentimita 40 juu ya rula, na nati akaichovya kwenye kifuniko cha chupa chenye mafuta ya kula ili isiendelee kuchezacheza. Hilo la mafuta hakuambiwa na mtu. Akahamisha chuma kutoka kushoto kwenda kulia, sentimita 16, moja kwa moja bila kukipeleka mbele wala nyuma. Timazi likasogea sentimita 2. Mbili kwa arobaini ni 0.05. Mia mara kumi na sita ni 1,600. Elfu nne mara 0.05 ni 200. Gawanya: sentimita 8. Akarudisha chuma, akarudia upande wa pili, akapata 7.9. Wenzake wawili waliharibu hapo hapo. Mmoja aliacha dumu likigusa ukingo wa beseni, mwingine alilishika kwa kidole "lisikimbie". Kidole kimoja kinatosha kuharibu jibu lote. Ndiyo maana hata meli yenyewe ikipimwa hivi kamba za gatini zinalegezwa, matangi yanakuwa tupu au yamejaa pomoni, na kila aliyemo ndani anasimama alipoambiwa.

Nikammiminia kikombe kimoja cha maji ndani ya dumu. Dumu likalala upande na kubaki hapo. Wengi huduwaa wakiona hivyo, maana uzito haukuongezeka sana na uko chini kabisa. Yeye akaomba kipande cha plastiki, akaweka ukuta katikati kwa urefu, maji akayagawa huku na huku. Dumu likasimama. Akasema maji yakikosa nafasi ya kukimbilia upande mmoja, hasara ya GM inabaki robo. Sahihi kabisa. Kwenye kivuko cha magari, ambako sitaha ni uwanja mtupu usio na ukuta, maji ya kifundo cha mguu yanatisha kuliko wimbi.

Halafu nikauliza swali la saba.

"Kwa hiyo GM ikizidi kuwa kubwa, meli inazidi kuwa nzuri?"

"Ndiyo. Kadiri inavyokuwa kubwa."

"Nani kakudanganya?"

Kaka akacheka. Nami nikacheka. Na yeye, kwa adabu ile ile, "Samahani, mama. Nimeisoma kwenye daftari lako." Akatoa kwenye begi fotokopi iliyofifia. Ukurasa wa 31, mwandiko wangu, jina langu juu, na sentensi nimeipigia mstari mara mbili: GM kubwa ni usalama.

(Na hilo la "mama" kutoka kwa mtu mwenye ndevu, tuliache.)

Ningeweza kusema: kumbe nilikosea. Ningeweza kusema: hebu tufikiri pamoja. Nilichosema ni "Haya, swali linalofuata." Nimeshalirudia tukio hilo kichwani nikipika, nikipanga foleni benki, nikiwa kwenye daladala ya Kiboriloni mpaka nikapitiliza kituo. Kila nikirudia nabadilisha maneno yangu. Ya kwake hayabadiliki.

Kosa lenyewe si dogo. Meli yenye GM kubwa mno inajirudisha kwa hasira. Chukua 0.8, zidisha kwa upana wa meli kwa mita, gawa kwa kipeuo cha pili cha GM: unapata takriban sekunde za kuyumba kwenda na kurudi. Upana mita 10 na GM mita 1 ni sekunde 8, mtu anaweza kushika kikombe chake cha chai. GM mita 4 ni sekunde 4. Hapo watu wanarushwa, minyororo ya malori inakatika, mzigo unahamia upande mmoja, na ile GM uliyojivunia haikusaidii tena kusimama wima. Ndogo mno nayo ni mtego: meli inayumba polepole, abiria wanasifu ilivyo laini, kumbe imechoka. Kanuni za kimataifa zinataka isipungue mita 0.15, na kila abiria anahesabiwa kilo 75. Watu mia wakikimbilia ubavu mmoja ni tani saba na nusu zimehama bila kuomba ruhusa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa inakaribia gati la Ukara, na tangu hapo Injinia alikuwa akifika kwenye hesabu hiyo anaweka chaki chini kwanza.

Jana baada ya kanisa nikafungua sanduku la bati. Daftari lipo. Ukurasa wa 31, pembeni, penseli ya Injinia, herufi zake za kulala:

"Basi abiria tuwapandishe chelezo."

Nilicheka peke yangu mpaka Shangazi akaja kuuliza kuna nini. Nikamwonyesha. Akasoma, akashika ukurasa kwa muda, akasema, "Huyu mtu, hata kukusahihisha anakutania." Maana chelezo, magogo yaliyofungwa pamoja, pana na bapa, lina GM ya kutisha, na hakuna atakayekaa juu yake ziwa likichafuka. Alinijibu kwa maneno manne. Ila duka la fotokopi nililipelekea daftari wiki moja kabla yeye hajalisahihisha. Kwa hiyo kosa langu ndilo limesafiri miaka yote hii, na utani wake umebaki sandukuni.

Pesa iliyopo ni ya mtu mmoja tu. Tunailipa ada moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo, na safari hii tumeongeza viatu vya chuma na nauli ya mafunzo kwa vitendo Mwanza, maana mwaka jana aliyepata ada alikosa nauli. Kwa alama za Jumamosi kijana ni wa tatu. Swali la saba nilimpa sifuri, kwa kalamu ya wino. Jana usiku nikamwandikia Kaka kwamba swali hilo lifutwe kwa wote watano, na nikapiga picha ukurasa ule wenye penseli, nikamtumia kijana. Kaka kajibu kwa kidole gumba, sijui kakubali au kaona tu. Kijana kaandika: "Asante mama. Chelezo ni nini?"

Nimemjibu, ndefu, na mchoro.

Ng'ombe wa Shangazi leo siku ya tatu hagusi majani, na daktari wa mifugo hapokei simu.