Mkate, Chachu na Kileo

Neno la juma hili: Mathayo 13:33

Wapendwa katika Bwana,

Kuna swali ambalo kila likirudi kati yetu huwaachia wengine hofu na wengine kisingizio: je, ni kweli kwamba mkate una kileo? Mwenye hofu aliweka nadhiri ya kutoonja pombe, na sasa anautazama mkate wa hamira kwa mashaka. Mwenye kisingizio huuliza kwa sauti nyingine. Kama mkate una pombe na hakuna anayetengwa kwa kuula, mbona yeye asemwe kwa ajili ya chupa yake?

Tuanze na ukweli wenyewe, maana imani haihitaji kulindwa kwa kuficha mambo. Ndiyo, unga unapoumuka, kileo hutengenezwa. Hamira ni viumbe hai, aina ya fangasi wadogo mno wanaoitwa Saccharomyces cerevisiae. Ndani ya donge la unga huila sukari na kutoa vitu viwili kwa pamoja, hewa ya kaboni dioksidi na kileo. Ndani ya pipa la zabibu zilizokamuliwa hufanya vivyo hivyo. Mwoka mikate anaitaka ile hewa, nayo hunaswa katika unga uliokandwa na kuuinua. Mtengeneza divai huiacha hewa iende zake, akabaki na kileo.

Kisha kuna muda, na kuna moto. Donge huachwa liumuke, mara nyingi kwa saa chache tu, halafu huingia tanurini. Joto la ndani yake likikaribia nyuzi 60 za selsiasi hamira hufa, na kileo, ambacho huchemka kwenye nyuzi 78, kwa sehemu kubwa huondoka na mvuke. Kinachosalia ni kidogo sana, hakimlevyi mtu hata akimaliza mkate mzima. Divai haipiti tanurini. Huachwa siku nyingi, hata majuma, mpaka sukari iishe au kileo kizidi kiasi cha kuwaua viumbe walewale waliokitengeneza. Mimi hapo husimama kidogo kila ninapopafikiria: kiumbe anauawa na kazi ya mwili wake mwenyewe, na hana wa kumwambia aache.

Basi Maandiko yanasemaje? Watu wa Biblia hawakuwa na darubini. Ni katika miaka ya 1850 Louis Pasteur, Mfaransa, alipoanza kuonyesha kwa majaribio kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Lakini akina mama wa Israeli waliijua chachu kwa mikono yao, maana walitunza kipande cha donge la jana ili kichachue la leo. Tena sheria waliyopewa haikuogopa kuchacha kwenyewe. Tazama Pasaka. Kwa siku saba chachu haikutakiwa kuonekana nyumbani, kwa sababu baba zao walitolewa Misri kwa haraka, unga wao ukiwa haujaumuka (Kutoka 12:39). Hata hivyo, desturi ya Wayahudi hadi leo ni kuweka divai ya zabibu kwenye meza hiyohiyo ya Pasaka, ingawa divai nayo imechacha. Bia ya shayiri huondolewa pamoja na mikate iliyoumuka, kwa kuwa katazo linahusu nafaka. Na majuma saba baadaye, katika sikukuu ya malimbuko ya ngano, Mungu mwenyewe aliagiza aletewe mikate miwili iliyookwa kwa chachu (Walawi 23:17). Chachu aliyoikataa mwezi mmoja aliipokea mwezi mwingine.

Ndugu mwenye hofu, kula mkate wako kwa shukrani. Hata mnadhiri, aliyekatazwa divai, siki na zabibu kavu (Hesabu 6), hakukatazwa mkate.

Na wewe mwenye kisingizio, nakuomba kwa upendo usijifiche nyuma ya mkate. Paulo hakutuambia tupime matone. Alisema, "Msilewe kwa mvinyo, ambamo mna ufisadi, bali mjazwe Roho" (Waefeso 5:18), na mahali pengine akakataa kutiwa chini ya uwezo wa kitu chochote (1 Wakorintho 6:12). Hakuna aliyewahi kuuza mavazi ya watoto wake apate mkate wa kulewea. Tunaijua tofauti hii vizuri, hata tunapobishana kana kwamba hatuijui.

Lakini moyo wangu juma hili umekaa zaidi kwenye mfano wa Bwana. Mwanamke alitwaa chachu, akaisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Ni kipimo kilekile Ibrahimu alichomwambia Sara akande wageni walipofika hemani (Mwanzo 18:6), unga wa kulisha watu wengi. Aliisitiri, akaiacha, na unga wote ukachachwa. Yesu aliitumia chachu kueleza Ufalme, na akaitumia pia kuwaonya wanafunzi juu ya mafundisho ya Mafarisayo na Masadukayo (Mathayo 16:6-12). Sioni kwamba alijipinga. Neema hufanya kazi ndani ya mtu polepole, bila kelele, na unafiki nao una njia hiyohiyo. Siku ya kwanza huwezi kuona kwa macho ni kipi kinachoumuka. Kinyongo kilichoachwa usiku mmoja kinaweza kuzimwa kwa neno moja la msamaha. Kikiachwa miaka, kinamtawala mwenye nacho, naye asikumbuke tena kilianzia wapi.

Neno la mwisho ni kwa wanaoandaa Meza ya Bwana. Wako kati yetu waliotolewa katika ulevi, na kwao hata harufu ya divai ni vita. Mwaka 1869 huko Marekani, daktari wa meno Mmethodisti aitwaye Thomas Welch alipasha moto maji ya zabibu ili hamira isiyachachue, akitafuta kikombe cha Meza ya Bwana kisicho na kileo. Makanisa hayafanani katika jambo hili, kama yasivyofanana kuhusu mkate wenyewe: Waorthodoksi hutumia uliotiwa chachu, Wakatoliki wa Magharibi usiotiwa. Sitaki kuufungua mjadala huo leo. Naomba tu, kabla ya ibada ijayo, mmoja wenu amwendee ndugu wa namna hiyo faraghani na kumuuliza anahitaji nini. Msingoje aseme mwenyewe mbele ya watu. Someni Warumi 14:21 pamoja naye, kisha fanyeni kama mtakavyokubaliana.