Doa la Pinki Juu ya Shela

Wiki ya Idi ndiyo wiki yetu kubwa. Kumbi zetu zote mbili za sinema, ambako mimi ni fundi wa projekta, zinajaa kuanzia onyesho la saa nane mchana, na watu wa Dar es Salaam wanakuja familia nzima, bibi mpaka vitukuu. Jioni ya Idi pili, dada mmoja aliyekuwa ametoka ukumbi wa kwanza alinikuta koridoni, akaniambia kwa upole: "Kaka, samahani. Yule bibi harusi shela lake lina uchafu? Maana hata alipoondoka pale, uchafu ulibaki palepale."

Huyo dada alikuwa ameshanifanyia nusu ya kazi. Uchafu unaobaki wakati bibi harusi ameondoka hauko kwenye filamu.

Niliingia nikasimama nyuma ya viti vya mwisho. Kona ya juu, mkono wa kushoto, palikuwa na doa la ukubwa wa sinia, rangi ya pinki, kingo zake zimefifia kama mvuke kwenye kioo. Wingu jeupe likipita, doa linaonekana. Majani ya mnazi yakipita, linapotea. Kisha likaja tukio la usiku, na mahali palepale, badala ya pinki, pakawaka ukungu hafifu wa kijani juu ya giza. Pinki kwenye nyeupe, kijani kwenye nyeusi. Ningetulia dakika tano nikazifikiria hizo rangi mbili, ningejua doa liko wapi kabla sijapanda ngazi.

Sikutulia. Taa ya zenoni, ile ya gesi inayoipa projekta mwanga, ilikuwa imeshafikisha saa 1,900 za kuwaka, bosi alikuwa ananipigia simu kila baada ya dakika kumi, nami nikajiambia taa imechoka. Baada ya onyesho la mwisho nikasubiri ipoe, nikavaa kinga ya uso, glavu nene na koti, kwa sababu gesi iliyomo kwenye taa ile ina shinikizo kubwa hata ikiwa baridi, na ikipasuka mkononi vipande vyake ni visu. Nikafunga taa mpya. Nikawasha. Picha ikang'aa vizuri, na doa likang'aa nayo.

Hilo ndilo kosa ninalotaka fundi mwingine asilirudie. Kwenye projekta za sinema mwanga wa taa hauendi moja kwa moja kwenye picha. Kwanza unapita ndani ya fimbo ya kioo inayouchanganya mpaka uwe sawasawa pande zote. Taa ikichoka, picha nzima inafifia. Taa ikiwa haijapangwa vizuri, katikati panang'aa kuliko pembeni, au upande mmoja unazidi mwingine. Ikikaribia kufa, picha inapepesa. Lakini taa haichori doa dogo kwenye kona. Nililijua hilo tangu siku nyingi, ila haraka ilinisahaulisha.

Ilikuwa imeshapita saa saba usiku. Nikamwagiza kijana wangu chai ya rangi, nikaanza upya kwa utaratibu.

Kwanza nilisimamisha seva, ile kompyuta inayotunza filamu na kuipeleka kwenye projekta, nikaita picha nyeupe ya majaribio iliyo ndani ya projekta yenyewe. Picha hiyo haitoki kwenye filamu, haitoki kwenye seva, haipiti kebo yoyote ya nje. Doa likawepo. Kwa hatua hiyo moja nikawa nimeondoa nusu ya mtambo mezani: faili, seva na kebo zote hazina hatia.

Pili, nikabonyeza kitufe cha kusogeza lenzi. Picha ikahama kulia karibu hatua moja ya mtu mzima, na doa likahama nayo. Lingekuwa kwenye skrini lingebaki lilipo. Lingekuwa kwenye kioo cha dirisha la chumba cha mtambo, lisingesafiri sambamba na picha namna ile. Kwa hiyo lilikuwa nyuma ya lenzi.

Tatu, nikapitia rangi moja moja. Nyekundu: safi kama karatasi. Bluu: safi. Kijani: pale juu kushoto pakaonekana kivuli cheusi. Hapo nikakaa chini.

Projekta yetu ina chipu tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Kila chipu imejaa vioo vidogo vinavyoinama kuelekea lenzi au kuikwepa, na kwa projekta ya 2K vioo hivyo ni 2,048 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni 2 kwenye kipande kinachoenea kiganjani. Vumbi likitua mbele ya chipu ya kijani, linaziba kijani. Nyeupe ikinyimwa kijani, zinabaki nyekundu na bluu, na hizo zikichanganyika ndiyo ile pinki ya kwenye shela. Wakati wa giza vioo vinaukwepesha mwanga usiingie kwenye lenzi, lakini punje ya vumbi haina utii huo. Inautawanya mwanga ovyo, sehemu yake inaingia kwenye lenzi, na kwa kuwa mwanga uliopo hapo ni wa kijani, giza linapata ukungu wa kijani.

Nikashuka mpaka mbele ya skrini, nikasimama karibu kiasi cha kuona miraba ya picha moja moja, nikamwambia kijana kwa simu azungushe fokasi polepole. Miraba ilipokuwa mikali kabisa, doa lilikuwa na ukungu. Alipopitiliza kidogo, miraba ikalegea na doa likaanza kupata umbo: nyuzi mbili na punje kama za unga. Maana yake vumbi halikuwa juu ya vioo vyenyewe, lilikuwa mbele yake kidogo, kwenye kioo kinachoifunika chipu. Nilishukuru Mungu, kwa sababu kioo hicho kinasafishika.

Asubuhi bosi alikuja na wazo lake: "Fundi, fungua, tupulize na kompresa, jioni watu waje." Nikamwambia, "Bosi, nakuheshimu, lakini hapo sifungui." Hewa ya kompresa ina maji na mafuta, na hapa pwani ina na chumvi. Ningeihamishia shida kwenye chipu zote tatu. Tena sehemu hizo zina ulinzi: ukigusa visivyo, projekta inakataa kucheza filamu zinazokuja na funguo za kidijitali, na ungebaki na ukumbi mzima umezima katikati ya sikukuu. Tukamwita fundi aliyesomea mashine hizo. Akasema atafika baada ya siku tisa.

Siku tisa tuliziokoa kwa hesabu. Filamu zinakuja kwa maumbo mawili makubwa. Umbo la flati linatumia mistari yote 1,080 ya chipu kwa urefu. Umbo la skopu, lile pana, linatumia mistari 858 ya katikati, na kuacha 111 juu na 111 chini bila kazi. Nikaita picha ya majaribio yenye gridi, nikahesabu: doa lote lilikuwa ndani ya mistari 90 ya juu. Basi filamu ya harusi, ambayo ni flati, ikahamia ukumbi wa pili, na ukumbi wa kwanza ukacheza skopu tupu kwa siku zote tisa. Doa likaangukia kwenye pazia jeusi juu ya skrini, na hakuna mtazamaji aliyelalamika tena. Katika kazi hii nzima, hapo ndipo nilipofurahi zaidi.

Fundi alipofika alizima viyoyozi na feni za chumba kwanza ili hewa itulie, akafanya kazi yake taratibu kwa vifaa vyake, karibu saa tatu nzima. Baadaye tulikagua kwa gridi kama rangi tatu zinakaa juu ya mstari mmoja, kisha tukapima mwanga katikati ya skrini: kandela 48 kwa mita ya mraba, kiwango kinachotakiwa kwa sinema.

Vumbi lilikopitia nililiona mwenyewe. Filta za hewa nilikuwa nakata sponji za mtaani, na ile ya upande wa kushoto ilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Nilipomulika tochi, mwanga ulitokea upande wa pili. Sasa tunanunua zenye kipimo chake, na kila Jumatatu asubuhi kijana anapitia nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na nyeusi, kisha anaandika daftarini alichokiona.

Mwezi uliopita rafiki yangu wa Mombasa alinipigia. Picha yake yote imegeuka rangi, nyuso za watu kama zimepakwa rangi ya mdomo, na tayari alikuwa ameshika simu nyingine aagize bodi ya rangi. Nikamwuliza kama ameweka picha ya majaribio ya ndani. Hakuwa ameweka. Akaiweka: nyeupe tupu, haina kasoro. "Basi bodi iache," nikamwambia, "shika kebo."

Projekta yake ni ya zamani kidogo, seva iko nje, na picha inasafiri kwa kebo mbili zinazogawana kazi. Nilimsikia akisogeza kabati, akikohoa vumbi. Kiunganishi cha kebo ya pili kilikuwa kimeingia lakini hakikuwa kimezungushwa kikafunga. Akakizungusha, nami huku nikausikia ule mlio mdogo wa kujifunga.