Baba Mdogo Aliyebaki na Miaka 22

Leo 25 Julai, Siku ya Mashujaa hapa Tanzania, na kama kila mwaka namkumbuka baba mdogo ambaye sikuwahi kumwona. Aliuawa kwenye Vita vya Kagera, Februari 1979, akiwa askari wa miguu wa miaka 22. Sasa nimemzidi umri mbali sana. Nikiitazama picha yake namwona mtoto: shingo nyembamba ndani ya kola ya gwanda, sharubu ndiyo kwanza zinaota, macho ya mtu aliyeambiwa asicheke.

Vita vile tunavikumbuka zaidi kwa hotuba. Hata waliozaliwa juzi wanaijua sauti ya Mwalimu Nyerere, 2 Novemba 1978: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nami hunisisimua mpaka leo. Lakini hotuba ikiisha, lazima mtu atembee. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameshaingia Kagera, yameua raia na kuswaga ng'ombe, kisha daraja la Kyaka likalipuliwa. Kuyarudisha nyuma, kupita Mutukula na Masaka hadi Kampala ilipoanguka 11 Aprili 1979, kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya miguu. Mizinga ikishapiga, watoto wa watu wanaingia njiani na bunduki zao, na risasi, maji na koleo la kuchimbia handaki, huku hawajui bomu limetegwa wapi.

Barua yake iliyofika nyumbani ni moja tu. Amin hatajwi humo. Anasema viatu vinambana kwa kuwa havipati kukauka. Anamuuliza bibi kama yule ndama alipona. Anamwomba baba amlipe fundi cherehani hela ya suruali aliyoichukua kwa mkopo, asije akaonekana amekimbia deni. Baba alilipa siku ileile. Suruali ilikaa miaka na miaka kwenye sanduku la bibi, na hakuna aliyethubutu kuiomba.

Askari mwenzake alikuja baada ya vita kutueleza alivyokufa. Walikuwa hawajafika Masaka. Walitembea usiku kucha, asubuhi wakaamriwa wachimbe mahandaki, na kombora likaangukia pale alipokuwa akichimba. Basi. Hakuwa anashambulia, wala hakuacha maneno ya mwisho. Namshukuru sana mzee yule kwa kutotupambia, maana watu hupenda shujaa afe anakimbilia adui. Kwangu mimi, kijana aliyechimba alipoambiwa achimbe, viatu vimelowa na usingizi umemjaa, ametosha.

Amelala Kaboya, Muleba, pamoja na wenzake wengi wa vita vile. Bibi hakujaliwa kufika huko. Sisi tumefika, na kaka yangu, aliyerithi jina lake, ndiye huwa anatangulia kuweka maua.

Mzee yule bado yuko hai, ila masikio yamepungua nguvu. Wiki ijayo nitakwenda kumwamkia na kukaa naye. Kuhusu kifo sitauliza tena. Nataka anieleze baba mdogo alikuwa mtu wa namna gani kambini: alikuwa mwimbishaji wa chenja, zile nyimbo za jeshini, au mwitikiaji? Alikuwa mkimya? Alikuwa na mchumba aliyemtaja? Na kama aliwahi kusema angefanya nini vita vikiisha, nataka kuliandika hilo kwanza.